Video Zetu na Adabu ya Kubisha Hodi



Mzee mmoja wa Majengo, Nyeri, hakuwahi kumzika rafiki yake wa tangu utotoni, na mmoja wa waliosababisha hayo ni mimi.

Ramadhani inapokaribia, misikiti ya bara huwaalika baadhi ya walimu wa pwani kwenda kusalisha tarawehe na kusomesha. Ndivyo nilivyofika Nyeri miaka michache iliyopita, na nilipoaga kurudi, wenyeji wakaniingiza katika kundi lao la WhatsApp ili tusipoteane. Sisi tuliozaliwa Mombasa au Lamu huenda tusiujue uzito wa kundi kama hilo. Kwetu mtu akifariki, habari hupita barazani na msikitini, na kabla ya swala mtaa mzima umeshajua. Katika miji ya Mlima Kenya Waislamu ni wachache, na kazi zimewatawanya: huyu yupo Majengo, yule ana duka Karatina, mwingine ameajiriwa Nanyuki. Na maiti ya Muislamu haingojeshwi. Kwa hiyo simu ndiyo inayowaambia nani katutoka, ataswaliwa saa ngapi na atazikwa wapi.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kurekodi darsa fupi fupi na kuziweka YouTube. Nikawa nazipeleka katika kundi lile asubuhi, adhuhuri na usiku, kila moja nikiisindikiza kwa picha ya maua na dua ndefu. Vijana wawili wenye video zao walipoona shekhe anafanya, nao wakaona ni ruhusa. Siku moja taarifa ya maziko iliwekwa asubuhi, na juu yake tukarundika video zetu. Mzee wangu alikuwa amekwisha kulinyamazisha kundi kwa kuchoshwa na kelele. Alipolifungua alasiri, akapita kwenye mabango yetu moja baada ya jingine hadi akalikuta jina la rafiki yake. Udongo ulikuwa umeshafukiwa.

Nilipompigia kumtaka radhi, hakugomba. Alisema, “Shekhe, darsa zako ni nzuri, lakini wewe hubishi hodi.”

Neno lile lilinikalia moyoni, maana mas-ala ya hodi ndiyo niliyokuwa nikiwasomesha watoto madrasa. Katika Surat An-Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Na tukiambiwa turudi, basi turudi. Hadithi imetufundisha kuomba idhini mara tatu, na usipojibiwa uende zako. Simu ya mtu leo imo ndani ya nyumba yake, pengine kitandani pake. Mimi nilikuwa naingia mara tatu kwa siku, na hakuna aliyenikaribisha.

Wako ndugu watakaosema: hii ni da'wa, si tangazo la sabuni, na kheri haiombewi ruhusa. Nami nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti. Lakini Imamu Bukhari amepokea kwamba Abdullahi bin Mas'ud alikuwa akiwawaidhi watu kila Alhamisi. Mtu mmoja akamwambia angependa awawaidhi kila siku. Akajibu kwamba kinachomzuia ni kuchelea kuwachosha, na kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, naye alikuwa akiwachagulia nyakati kwa kuchelea jambo hilo hilo. Ibn Abbas naye alimuusia mwanafunzi wake Ikrima awahadithie watu mara moja kwa wiki, na akizidisha sana iwe mara tatu. Tena asiwajie watu wamo katika mazungumzo yao akawakata, bali anyamaze mpaka wamtake. Hawa ni masahaba, na walichokuwa nacho mkononi ni Qur'ani yenyewe. Video yangu ya dakika kumi na mbili ni nini?

Wazee wetu wa hapa walilifahamu jambo hili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kutoa karatasi yake ya Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930, na baadaye gazeti la Al-Islah mwaka 1932, msomaji alinyoosha mkono mwenyewe kulipokea. Hata kanda za mawaidha za miaka ya themanini zilikwenda hivyo: jirani alikuazima kanda akikwambia, “Sikiliza, humu mmeelezwa mambo ya mirathi,” kwa kuwa alijua una mas-ala ya mirathi.

Aliyenifundisha njia ya kufuata katika zama hizi ni mama mmoja wa Nyeri, anayesomesha watoto hijai kwa video. Sikumbuki hata siku moja kumuona akijitangaza. Alikuwa mtu wa kundi kabla ya kuwa mtu wa video: mgonjwa akitajwa, yeye huuliza hali, mama akilalamika kwamba mwanawe wa shule ya bweni anasahau herufi, yeye humjibu kwa maneno, pale pale. Video huitaja mwishoni, iwapo tu inajibu lile lililoulizwa. Kwanza aliwauliza wasimamizi siku gani inafaa, wakampa Alhamisi baada ya Isha. Basi hupeleka moja tu, na juu yake huandika mistari miwili: inasomesha nini, ina dakika ngapi. Haipeleki video yenyewe ikajaza simu za watu na kuwala bando, hupeleka kiungo. Na siku kundi lina msiba, Alhamisi hiyo hupita kimya.

Hili la bando tusilidharau. Mama anayenunua bando la shilingi ishirini ana haki ya kujua kitakachomla kabla hajagusa.

Wenye biashara, mabinti wanaopika keki au kushona mabuibui, wafuate mwendo huo huo, na wao waongeze kusema wazi kwamba wanauza. Kinachowaudhi watu ni tangazo lililovishwa kilemba. Kuna na wale wanaochukua namba za simu za wanakundi na kuanza kuwapelekea bidhaa mmoja mmoja faraghani. Hiyo ni khiyana ya amana, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 nayo inakataza kuzitumia taarifa za mtu kibiashara bila ridhaa yake. Sheria hiyo hiyo inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Kwa hiyo ukiwarekodi watoto wa madrasa wakisoma, hata kwa nia njema, waulize mama zao kabla sura hizo hazijafika kwa watu usiowajua.

Tena msidhani kurundika kunasaidia. WhatsApp yenyewe tangu Aprili 2020 imeuwekea mpaka ujumbe uliopitishwa mara nyingi, ukawa hauwezi kupelekwa zaidi ya kundi moja kwa wakati. Na mtu aliyekwisha kukunyamazisha hajui kama umepeleka moja au mia.

Mimi nilifuta video nyingi katika kundi lile, nikaomba radhi mbele ya wote, kisha nikanyamaza miezi miwili. Ikafika Julai, na wanaoijua Nyeri wanaijua baridi ya Julai yake, maji ya udhu wa Alfajiri yakikata kama wembe. Mtu akauliza kundini kama inajuzu kupangusa juu ya khufu badala ya kuosha miguu. Nikajibu kwa kuandika: yajuzu, mchana na usiku wake kwa mkazi, siku tatu na nyusiku zake kwa msafiri, kwa masharti yake. Nikaongeza kwamba masharti nimeyaeleza katika video ya dakika nne, anayeitaka aniambie. Walioitaka siku ile walikuwa kumi na mmoja. Baada ya wiki niliulizwa kuhusu video hiyo na mtu wa Nanyuki nisiyemjua, na mwingine wa Meru.

Wa kwanza kuitaka alikuwa yule mzee. Alitaka pia kujua kama soksi za sufi alizofumiwa na mjukuu wake zinaingia katika hukumu hiyo, na hapo tulizungumza kwa simu karibu nusu saa, maana wanazuoni wamekhitalifiana.