Kura haiji kwa honi



Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia barazani baada ya Isha. Amepata kazi. Kuna mwanasiasa anayemtaka awe mshauri wake kuelekea uchaguzi wa Agosti 10, 2027. Aliniuliza swali moja tu: "Ami, mshauri wa kampeni hufanya nini hasa?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi mwenyewe niliishika kazi kama hiyo mwaka 2022, nikimsaidia mgombea wa udiwani, bila kulijua jawabu. Tulikuwa na lori, vipaza sauti, fulana na vijana wenye sauti nzito. Kila jioni tulijaza uwanja, na mgombea akaanguka kwa kura zisizofika mia mbili. Baadaye nilikaa na daftari langu nikawapigia simu watu niliowaandika kuwa "wetu". Wengi hawakuwa wametuhama. Hawakwenda kupiga kura tu! Mmoja alikuwa kazini bandarini zamu ya asubuhi. Mwengine aliona foleni akarudi nyumbani. Mama mmoja aliniambia kwa upole, "Mwanangu, mulikuja kutupigia honi, hamukuja kutuuliza."

Neno la mama yule ndilo jawabu nililompa kijana, na leo nataka kulieleza kwa urefu.

Kazi ni mbili, si moja

Kampeni yoyote ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumshawishi mtu akuunge mkono. Ya pili ni kuhakikisha anayekuunga mkono anafika kituoni. Wagombea wetu humaliza pesa zote kwenye ile ya kwanza na kuisahau ya pili. Kwa siasa za wanyonge, yaani vibarua, wavuvi, mama ntilie na vyama vya wafanyakazi, hii ya pili ndiyo roho yenyewe, kwa sababu watu wao ndio walio na vikwazo vingi siku ya kura.

Tazama Mombasa. Uchaguzi wa gavana uliahirishwa kutoka Agosti 9 hadi Agosti 29, 2022. Abdulswamad Nassir alishinda kwa kura 119,083, na Hassan Omar akapata 98,108. Pengo lao ni kura 20,975. Lakini waliosajiliwa kaunti nzima walikuwa zaidi ya 640,000. Jumlisha kura za hao wawili, utapata kama thuluthi moja tu ya daftari. Basi kundi kubwa kuliko yote siku ile lilikuwa la waliobaki majumbani na makazini. Simlaumu mgombea yeyote. Nasema tu kwamba mitaa isiyopiga kura haina uzito mezani panapogawanywa maji, kazi na leseni.

Hesabu, orodha, mlango

Mshauri anayeijua kazi huanza na hesabu. Wadi ina wapiga kura wangapi? Mara iliyopita walijitokeza wangapi? Mshindi alihitaji kura ngapi? Ukishapata idadi unayoitaka, igawanye kwa vituo, kisha kwa mitaa. Hapo kampeni inaacha kuwa kelele, inakuwa kazi yenye kipimo.

Pili ni orodha. Kila mtu aliyezungumzwa naye anaandikwa alama: yuko nasi kabisa, anaelekea kwetu, hajaamua, yuko upande wa pili. Wa upande wa pili mpe salamu, umuache. Usipoteze jioni nzima kubishana naye.

Tatu ni mlango. Hapa sina haja ya kubahatisha, kwa sababu jambo hili limepimwa. Mwaka 1998 wataalamu wawili, Alan Gerber na Donald Green, walifanya jaribio katika mji wa New Haven, Marekani. Waliwagawa wapiga kura mafungu kwa bahati nasibu: wengine walitembelewa nyumbani, wengine walipigiwa simu, wengine waliandikiwa barua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Waliotembelewa ana kwa ana walijitokeza kwa wingi zaidi. Barua zilisaidia kidogo sana, na simu za vibarua wa kulipwa hazikusaidia kitu. Sisi watu wa Pwani hatukuhitaji chuo kikuu kutuambia hilo. Harusi ya kualikwa kwa mdomo, mlangoni, ndiyo inayojaa.

Na ukifika mlangoni, usihubiri. Uliza, kisha sikiliza. Swali la mwisho lisiwe "utatupigia kura?" kwani kila mtu atakujibu "inshallah". Muulize: utakwenda saa ngapi? Kabla ya kazi au baada? Utakwenda na nani? Kitambulisho kiko wapi? Watoto utamuachia nani? Mtu akishaipanga safari yake kwa kinywa chake, kuighairi kunamuwia vigumu.

Vyama vya wafanyakazi vina nini?

Mfano ninaoupenda ni wa Las Vegas, katika jimbo la Nevada. Chama cha wafanyakazi wa hoteli huko, Culinary Union, kina wanachama takriban 60,000: wapishi, wasafishaji vyumba, wahudumu. Wakati wa uchaguzi mamia yao huchukua likizo iliyoruhusiwa katika mkataba wao wa kazi, wakaenda kugonga milango. Msafisha vyumba anamgongea msafisha vyumba mwenzake. Hazungumzi habari za chama cha siasa, anazungumza mshahara, bima ya matibabu na kodi ya nyumba. Mwaka 2022 seneta Catherine Cortez Masto alikitetea kiti chake katika jimbo hilo kwa tofauti isiyofika kura 8,000. Katika pengo dogo namna hiyo, kila mlango una hesabu yake.

Nasi tusijione wageni wa mambo haya. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma mji ukasimama. Walikuwa wakikutana Majengo, mahali palipoitwa Kiwanja cha Maskini, na Chege Kibachia akaliongoza shirikisho lao. Hawakuwa na simu za mkononi wala fulana. Mwaka 1955 makuli wa bandari waligoma tena, na Tom Mboya akaja kusaidia majadiliano. Kujipanga mtu kwa mtu ni elimu iliyozaliwa hapa hapa.

Hata sheria yetu ya mahusiano kazini ya mwaka 2007 imejengwa juu ya hesabu hiyo hiyo. Mwajiri hulazimika kukitambua chama pale kinapowasajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Usipoandikisha mmoja mmoja, utabaki na bango tu langoni.

Mipaka isiyovukwa

Nilimwonya kijana mambo matatu.

La kwanza ni pesa. Kumpa mtu kitu ili apige kura, au asipige, ni hongo. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 inatoa adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 2, kifungo kisichozidi miaka 6, au vyote viwili. Na kwa Muislamu kuna hesabu nyengine isiyo na rufaa.

La pili ni orodha yenyewe. Jina na nambari ya mtu ni amana. Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, na bado mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa katika vyama wasivyovijua. Na mwaka 2018 wakuu wa kampuni ya Cambridge Analytica walinaswa na kamera za siri za Channel 4 ya Uingereza wakijigamba jinsi walivyoendesha kampeni hapa kwetu mwaka 2013 na 2017. Mshauri anayekuja na siri zako badala ya kuja na masikio, mkimbie.

La tatu ni muda. Kampeni hufungwa saa 48 kabla ya kura. Siku yenyewe kazi ni kukumbushana kwenda kituoni, si kunadi jina la mtu.

Kijana aliniuliza aanze wapi. Nilimwambia aliache lori, anunue daftari. Aanze na nyumba kumi za kwao, aulize nani hajajisajili, kisha awapeleke kwenye ofisi ya IEBC ya eneo bunge. Mgombea wake akishindwa, nyumba kumi zile zitabaki zimesajiliwa, na diwani yeyote atakayeingia atalazimika kuzihesabu.

Yule mama aliyeniambia tulimpigia honi bado yuko pale pale. Juzi nilikwenda kumuuliza mwaka 2027 atakwenda kituoni saa ngapi. Akanikaribisha kahawa kwanza.