Gongo Hupofusha na Huua

Mvuvi wa Musoma hupata fedha samaki wakishapimwa. Mkulima wa Bunda hupata fedha msimu wa pamba ukifunguliwa. Mfugaji wa Butiama hupata fedha siku ya mnada. Penye fedha, muuza gongo hayuko mbali.

Ndugu msomaji, gongo si sawa na pombe ya mtama. Pombe ya mtama au ulezi huchachushwa tu. Gongo huchachushwa, kisha huchemshwa katika pipa, na mvuke wake hupozwa mpaka uwe maji makali. Kilevi kilichoenea katika pipa zima sasa kimo katika chupa chache. Hakuna apimaye ukali wake. Mnywaji huonja kwa ulimi, na ulimi hautambui sumu.

Sumu hiyo ni ipi? Viko vilevi viwili vinavyofanana. Kimoja huitwa ethanoli, nacho ndicho kilichomo katika bia na pombe za kienyeji. Cha pili huitwa methanoli. Hiki ni cha viwandani, hutumika kuyeyushia rangi na kwa kazi nyingine. Wauzaji wengine wenye tamaa hukichanganya katika gongo ili iwe kali na iwe nyingi. Methanoli ikiingia mwilini hugeuka kuwa asidi inayoharibu mshipa wa jicho. Mtu hulala amelewa. Kesho yake anaona ukungu, tumbo linamuuma, anapumua haraka haraka. Watu humwacha alale, wakidhani ni uchovu wa pombe tu. Hapo ndipo wengi hupotea.

Kwa jirani zetu wa Kenya, mwezi Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa mjini Nairobi kwa pombe ya namna hiyo. Wengine walipona wakiwa vipofu. Mwaka 2014 msiba kama huo uliwapata tena. Na kutoka Musoma hadi mpaka wa Sirari si safari ndefu.

Gongo isiyo na methanoli nayo huharibu mwili, ila polepole. Ini huvimba, kisha hukakamaa. Macho huwa ya manjano na tumbo hujaa maji. Mama mjamzito akinywa, mtoto aliye tumboni hunywa pia, na huweza kuzaliwa mdogo au mzito wa kujifunza. Mvuvi aliyelewa akianguka ziwani usiku, hata kama ni mwogeleaji hodari, hafiki mbali. Vijana wengine huongeza bhangi juu ya pombe. Bhangi huweza kuvuruga akili, hasa ya kijana ambaye ubongo wake bado unakua.

Serikali ilipiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vifuko vya nailoni, kuanzia Machi 1, 2017. Ilikuwa hatua nzuri, kwani hata wanafunzi walivificha mfukoni. Lakini gongo haramu haina kiwanda cha kufungwa. Mara nyingi mpikaji ni mama anayetafuta ada na sare za watoto. Akikamatwa yeye peke yake, wanywaji wake huhamia nyumba ya pili.

Tufanye hesabu. Mtu akinywa pombe ya shilingi 1,000 kila siku, kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 30,000. Kwa mwaka ni shilingi 365,000. Uliza bei ya bati moja dukani, kisha ugawanye mwenyewe.

Mtu aliyekunywa gongo akisema haoni vizuri, mpelekeni zahanati au hospitali saa hiyo hiyo. Msimpe maziwa wala mafuta kuwa ndiyo dawa. Mwelezeni mganga alikunywa nini na saa ngapi. Waliokunywa naye waende pia, hata kama bado wanajiona wazima.

Na aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Baadhi yao hutetemeka, huona vitu visivyokuwapo, hata kupata degedege. Aende kwanza kwa mganga, afuatane na ndugu yake, ili aache akiwa na uangalizi.