MIOME: Sadaka ya Waislamu Iliyozaa Chuo Kikuu

Kila asubuhi mamia ya vijana huingia katika lango la Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, huko Tudor. Humo wamo Waislamu na wasio Waislamu, wa pwani na wa bara. Si wengi wanaojua kwamba msingi wa chuo hicho ni sadaka ya Waislamu.

Katika miaka ya 1940, kijana wa Kiislamu alikuwa nyuma katika elimu ya kisasa. Ndipo mwaka 1948 ikaasisiwa taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa kifupi kama MIOME. Aga Khan alitoa pauni 100,000. Sultani wa Unguja, Seyyid Khalifa bin Haroub, aliiunga mkono, Mabohora wakachanga, na serikali ya kikoloni ikatia fungu lake. Madhehebu yalitofautiana, lakini haja ilikuwa moja. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951 kujifunza kazi za ufundi.

Miongoni mwa waliofanya kazi hapo ni kijana Ali Mazrui. Matokeo yake ya mtihani wa Cambridge hayakumfikisha Makerere, akawa karani MIOME. Hotuba yake ya Maulidi mbele ya Gavana, Sir Philip Mitchell, ilimfungulia njia ya kwenda kusoma Uingereza. Baadaye alirudi Makerere iliyomkosa, safari hii akiwa profesa. Alifariki mwaka 2014, akazikwa Mombasa.

Baada ya uhuru, mlango ulifunguliwa kwa wote. Mwaka 1966 jina la Kiislamu liliondoka, na mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 ilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na mwaka 2013 ikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Leo hufundisha uhandisi, sayansi, tiba, biashara na kompyuta, na ina matawi Kwale na Lamu.

Wako wanaonung'unika kwamba mali yetu imetutoka mikononi. Lakini kisima cha sadaka hakiulizi anayeteka ni nani, na thawabu ya aliyekichimba haipungui. Hasara ni mwenye mji kufa kiu naye yu kando ya kisima.

Wazazi, hapo ndipo penye swali. TUM haitoi digrii tu; hutoa pia stashahada na vyeti vya ufundi, na aliyeanzia chini anaweza kupanda. Mwana ambaye alama zake hazikutosha asiachwe barazani akihesabiwa kuwa ameshindwa. Wazee wetu walichanga kwa ajili ya kijana kama huyo.