Omena Wako Anakula Nini?

Je, msomaji, umewahi kujiuliza omena unaopimiwa kwa gorogoro katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, au kule Keroka, walikula nini kabla ya kufika kwenye sufuria yako? Walikula vijidudu vidogo mno vinavyoelea katika maji ya Ziwa Victoria. Vijidudu hivyo navyo hula vijimea ambavyo huwezi kuviona bila hadubini. Wataalamu huviita vyote kwa jina moja: planktoni.

Vijimea hivyo ndivyo shamba la ziwa. Kama majani chai ya Nyamira, hutumia mwanga wa jua, madini na ile hewa tunayoitoa tunapopumua ili kujitengenezea chakula, kisha hutoa oksijeni. Baharini kazi ni ile ile. Viumbe wa matumbawe huko Watamu hunyoosha vijikono vyao usiku kuwanasa vijidudu. Papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huishi kwa kuchuja planktoni majini.

Huenda ukasema, "Sisi watu wa milimani, ziwa latuhusu nini?" Latuhusu sana. Mto Gucha huanzia milima ya Kiabonyoru, Nyamira, ukapita Kisii na kuingia ziwani huko Migori. Maji mengine ya Nyamira huteremka hadi Mto Sondu, unaomwaga katika Ghuba ya Winam. Mvua inaponyesha, mito hiyo hugeuka kuwa myekundu. Wekundu huo ni udongo wa mashamba yetu, pamoja na mbolea tuliyoinunua kwa pesa. Uchafu wa mijini nao hufuata njia hiyo hiyo.

Mbolea haichagui mmea. Ikifika ziwani, huotesha vijimea kupita kiasi, na maji yakawa ya kijani kama supu ya mboga. Baadhi ya vijimea hivyo hutoa sumu inayoweza kudhuru ini la mtu au mnyama anayekunywa maji hayo. Vikifa na kuoza, oksijeni hupungua majini na samaki hukosa pumzi. Gugumaji, lililoanza kuwasumbua wavuvi wa Kisumu katika miaka ya 1990, hunawiri kwa mbolea hiyo hiyo.

Tiba iko mikononi mwetu. Chimba matuta ya fanya-juu kwenye mteremko, panda nyasi za nepia ukingoni mwake, na usilime hadi kando ya mto. Nawe uliye mjini, usitupe taka mtaroni.

Wanafunzi, fanyeni jaribio hili mkiwa na mtu mzima: baada ya mvua kubwa, choteni maji ya mto katika chupa safi, kisha yaacheni yatulie usiku kucha. Asubuhi, waonyesheni wazazi tope lililotuama chini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.