Kiwanda Kikisimama, Hatari Huhamia Wapi?

Kiwanda kikubwa hakizimwi kwa swichi moja. Kiwanda cha saruji husimamisha tanuru ili kung'oa matofali yaliyoliwa na moto na kupanga mapya. Kiwanda cha sukari hutumia kipindi cha masika, miwa isipovunika, kufungua boila, vinu na mabomba ya mvuke. Kiwanda cha kusafisha mafuta huendelea kwa miaka kadhaa bila kupumzika, kisha sehemu nzima husimamishwa kwa wiki nyingi. Anayetazama kwa nje hudhani huo ndio wakati wa usalama, kwa kuwa mashine zimetulia na moshi umekata. Kumbe baadhi ya ajali zilizochunguzwa kwa kina zaidi katika historia ya viwanda zilitokea mtambo ukiwa unafungwa, unatengenezwa au unawashwa tena. Sababu yake inaeleweka. Mtambo unapofanya kazi, hatari imezuiliwa na chuma: bomba, vali, vipimo, king'ora. Ukisimamishwa na kufunguliwa, vingi kati ya vizuizi hivyo huwa vimeondolewa kwa makusudi, na mamia ya wageni wameingia kufanya kazi kandokando. Kinachomlinda fundi hapo ni kile anachokijua kuhusu kazi ya mwenzake. Kwa hiyo nashikilia kwamba usalama wa kipindi cha matengenezo makuu ni, kwanza kabisa, kazi ya kulinda taarifa, na kwamba fedha na muda vielekezwe huko kabla ya kufikiriwa mabango na helmeti mpya.

Ushahidi mzito kuliko wote ni jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Uskoti, lililoteketea usiku wa tarehe 6 Julai 1988 na kuua watu 167. Jukwaa lile halikuwa limesimama lote. Liliendelea kuzalisha huku sehemu zake zikitengenezwa, kama viwanda vingi vinavyofanya hadi leo. Kulikuwa na pampu mbili za kusukuma mafuta mepesi yanayotokana na gesi. Pampu A ilikuwa imezimwa, na mchana ule vali yake ya usalama, ile inayofunguka presha ikizidi, iling'olewa ili ikapimwe. Mahali pake pakawekwa kifuniko cha chuma ambacho hakikukazwa kiasi cha kuhimili presha, maana hakuna aliyetarajia pampu ile kuwashwa. Kazi haikuisha kabla ya zamu kubadilika saa 12 jioni. Kibali cha kazi, yaani karatasi inayoruhusu kazi hiyo ifanyike, kikarudishwa chumba cha udhibiti, lakini hakuna aliyekaa na zamu iliyoingia akawaambia kwamba vali haipo. Usiku, ilipokaribia saa 4, pampu B ikazima na ikakataa kuwaka. Waendeshaji wakapekua vibali, wakakuta kile cha ukarabati mkubwa wa pampu A, kazi ambayo ilikuwa haijaanza, wakaona basi pampu hiyo inaweza kurudishwa. Kibali cha pili, kilichohusu vali, hawakukiona. Hata mahali pa vali yenyewe hapakuwa kando ya pampu. Palikuwa juu, katikati ya mabomba, hivyo aliyesimama chini asingeliona pengo. Uchunguzi ulioongozwa na jaji Lord Cullen, ambao ripoti yake ya mwaka 1990 ilitoa mapendekezo 106, ulihitimisha kwamba kuwashwa kwa pampu hiyo ndicho chanzo chenye uwezekano mkubwa cha gesi iliyolipuka kwanza.

Hapa msomaji makini ana pingamizi, nalo ni la haki. Piper Alpha ilikuwa na vibali, tena vilivyoandikwa na kusainiwa. Kama karatasi haikuwaokoa wale, kwa nini tuongeze karatasi? Nakubaliana naye nusu. Kibali kinachojazwa ofisini asubuhi kwa kunakili cha jana hakimlindi mtu, na viwanda vingi vimefika huko: kijitabu kinene, saini nne, na hakuna hata mmoja wa waliosaini aliyekwenda kuliona bomba. Lakini kosa la Piper Alpha halikuwa wingi wa karatasi. Vibali viwili vya kifaa kimoja vilikaa mbalimbali na havikutajana. Makabidhiano ya zamu yakafanyika bila maneno. Na kule kwenye mashine hapakuwa na kitu cha kumzuia kwa mkono mtu asiyejua. Kila moja kati ya hayo lina dawa yake, na hakuna dawa inayodai fomu ya ziada. Vibali vya kifaa kimoja vikae pamoja mahali pamoja. Anayetoka na anayeingia watembee pamoja hadi kwenye kifaa, wakiguse, ndipo waagane. Na kifaa chenyewe kifungwe kufuli.

Kuhusu kufuli nakaa kidogo, kwa sababu ndiyo taarifa pekee isiyoweza kusahaulika wala kusomwa vibaya. Chukua mota inayozungusha mashine ya kuchanganyia. Swichi yake kuu inashushwa, kisha kwenye mkono wake kinapitishwa kishikio cha chuma chenye matundu kadhaa. Kila fundi anayeingia ndani ya mashine anatia kufuli yake mwenyewe katika tundu mojawapo, pamoja na lebo yenye jina lake, na ufunguo wa pekee unakaa mfukoni mwake. Wakiwa watano, kufuli ni tano. Msimamizi hawezi kuiwasha, meneja hawezi, wala fundi wa nne hawezi kwa kudhani kwamba wa tano ameshatoka. Kufuli zikishafungwa mtu anajaribu kuwasha mota makusudi, ili ihakikishwe kwamba swichi iliyoshushwa ndiyo yenyewe na si ya mashine ya jirani. Jaribio hilo huchukua dakika moja, nalo ndilo hurukwa zaidi.

Umeme, hata hivyo, ni nguvu moja tu kati ya nyingi. Mvuke uliobaki kwenye bomba unaunguza hata boila ikiwa imezimwa. Mafuta ya mfumo wa haidroli hushikilia presha mashine ikiwa kimya. Katika mnara wa kupashia malighafi wa kiwanda cha saruji, unga wa moto ulioganda juu unaweza kuachia na kumwangukia mtu aliye chini, hata baada ya tanuru kuzimwa. Vali iliyofungwa nayo haiaminiki. Vali huvuja, na mkono wake unaweza kuzungushwa na mpita njia. Kwa hiyo pale mtu anapotakiwa kuingia ndani ya tangi, bomba hukatwa muunganisho, au sahani nzima ya chuma huingizwa kati ya flanji mbili na kukazwa bolti zote, kisha sahani hiyo huandikwa kwenye orodha ili siku ya kuwasha isisahaulike humo ndani.

Kuna hatari moja ambayo hata kufuli haiionyeshi. Naitrojeni hutumiwa sana wakati wa kusimamisha mitambo kwa sababu haiwaki. Hujazwa ndani ya vyombo ili kufukuza gesi zinazolipuka au kulinda kemikali zisikutane na hewa. Haina rangi, haina harufu, na sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni yenyewe. Hewa ya kawaida ina oksijeni takribani asilimia 21. Anayevuta naitrojeni tupu huweza kupoteza fahamu kwa pumzi moja au mbili, wala mwili haumwonyi, kwa kuwa hasikii kukabwa. Tarehe 5 Novemba 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Delaware City nchini Marekani, wafanyakazi wawili wa mkandarasi walikufa hivyo wakati wa matengenezo makuu. Walikuwa wakijiandaa kurudisha bomba juu ya mtambo uliojazwa naitrojeni, na mdomo wa mtambo ulikuwa wazi. Palikuwa na alama ya kukataza kuingia bila kibali, lakini hapakuwa na onyo lolote la naitrojeni. Ndani kulikuwa na gombo la utepe wa kubandikia, na wachunguzi waliona kwamba huenda mmoja wao alikuwa akijaribu kulitoa alipozidiwa. Msimamizi wake akashuka kwa ngazi kumwokoa, naye akabaki humo. Huyu wa pili ndiye anayenishughulisha zaidi. Alikufa kwa wema, na wema wake ulihitaji kujua kitu kimoja tu: kwamba hewa ya humo si hewa. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilihesabu vifo 80 vya naitrojeni nchini humo kati ya 1992 na 2002. Kipimo cha gesi kinachoshikwa mkononi, kikishushwa ndani kwa kamba kabla ya mtu na kurudiwa kila baada ya mapumziko, hutoa jibu ambalo ujasiri na uzoefu haviwezi kulitoa.

Kuhusu kuwashwa upya, mfano ulio wazi ni kiwanda cha mafuta cha BP huko Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005. Mnara mmoja wa kutenganishia mafuta ulikuwa ukiwashwa baada ya matengenezo. Mafuta yaliingizwa kwa saa kadhaa bila kutolewa. Kipimo cha kina, ambacho hakikutengenezwa kupima mnara uliojaa kiasi kile, kilionyesha kwamba mafuta yanapungua huku kwa kweli yanapanda, na king'ora cha juu hakikulia. Zamu ya usiku ilikuwa imeacha maelezo ya mstari mmoja kwenye daftari. Baadhi ya waendeshaji walikuwa wamefanya kazi zamu za saa 12 kwa siku 29 au zaidi mfululizo. Mnara ukafurika, mafuta yakaruka kama chemchemi kutoka kwenye bomba refu la kutolea, mvuke wake ukakutana na moto. Walikufa watu 15 na wengine 180 wakajeruhiwa. Wote 15 walikuwa wafanyakazi wa wakandarasi, ndani au karibu na ofisi za muda zilizoegeshwa pale. Ya karibu zaidi ilikuwa kama mita 37 tu kutoka bomba lile. Hawakuwa na kazi yoyote kwenye mnara huo. Walikuwa wanahudumia matengenezo ya sehemu nyingine, na hakuna aliyewaambia kwamba jirani yao anawashwa asubuhi ile. Hapahitajiki mitambo ya ghali kuyaepuka hayo: ofisi za muda ziwekwe mbali, na kabla ya kuwasha kila asiyehusika aondoke. Kufunga nako kuna hatari zake. Katika kiwanda cha mafuta cha Husky huko Superior, jimbo la Wisconsin, mlipuko wa tarehe 26 Aprili 2018 ulitokea mtambo ukiwa ndio unazimwa kwa ajili ya matengenezo, wakandarasi wakiwa tayari wamefurika kiwandani, na watu 36 wakahitaji matibabu.

Wenye viwanda watajibu kwamba kila siku ya kusimama ni hasara, na kwamba kufuli, vipimo na matembezi ya zamu vinaongeza masaa. Hasara hiyo ni ya kweli, na mshahara wa wafanyakazi wenyewe unatoka katika uzalishaji. Lakini wakidai kwamba usalama ndio unaokula muda, wanahesabu vibaya. Muda mwingi wa matengenezo hupotea kwa kusubiri: welda anasubiri jukwaa la kupandia, jukwaa linasubiri fundi umeme, fundi umeme anasubiri mtu anayejua swichi ipi ni ipi. Ukosefu ule ule wa taarifa unaoua ndio unaochelewesha. Mpango ulioandaliwa miezi kadhaa kabla, wenye orodha ya kila vali ya kufunga, kila sahani ya kuingiza na kila kazi isiyoweza kufanyika juu ya nyingine, huokoa masaa na maisha kwa pamoja. Kinachoharibu mpango huo ni kazi za nyongeza zinazochomekwa dakika za mwisho kwa kisingizio kwamba mtambo si umesimama. Ziwe na tarehe ya mwisho ya kupokelewa, na inayochelewa isubiri hadi msimu ujao, isipokuwa bila yenyewe mtambo hauwezi kuwashwa salama.

Wengine husema mkandarasi ndiye mwenye watu wake, basi abebe mzigo wake. Kisheria hoja hiyo haisimami. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye eneo la kazi ahakikishe usalama wa watu wote wanaofanya kazi humo, bila kuuliza nani kawaajiri. Tanzania nayo ina sheria yake ya mwaka 2003 na wakala wake wa usalama na afya kazini, OSHA. Na hata pasipo sheria, mkandarasi aliyefika Jumatatu na vibarua hamsini kutoka kijiji cha jirani hawezi kujua bomba lipi lilibeba asidi. Anayejua ni kiwanda. Kumwachia asiyejua jukumu la kujilinda ni kumnyima hiyo kinga moja aliyobaki nayo.

Ndiyo maana ningependa mkataba wa mkandarasi usomwe kwa makini kama mchoro wa mabomba. Mkandarasi akilipwa kwa kazi iliyokamilika tu, na kibarua akilipwa kwa mifuko aliyobeba au mita alizochomelea, basi kila dakika anayosubiri kipimo cha gesi inatoka mfukoni mwake, na hakuna semina ya asubuhi itakayoshinda hesabu hiyo. Muda wa kusubiri kibali, kufuli na kipimo uandikwe kwenye mkataba kuwa ni muda wa kazi, ulipwe kwa kiwango kilekile. Na kibarua anayekataa kuingia kwenye tangi kwa sababu hajaoneshwa kipimo alipwe siku yake nzima, hata kama kipimo kitakuja kuonyesha kwamba hewa ilikuwa safi.