Fahamu: Kwa nini mwangwi wa rada hupanda na kushuka

Rada ya wimbi mfululizo ni ipi?
Ni rada ambayo, badala ya kutoa mipigo yenye kituo baina yake, hupeleka wimbi lisilokatika, na kwa tofauti ya masafa ya wimbi liendalo na lirudilo hutambua mwendo wa shabaha, kama zifanyavyo baadhi ya tochi za askari wa barabarani.

Sababu ya mwangwi kuyumba
Gari halirudishi wimbi kwa sehemu moja, bali kwa bamba, taa, magurudumu na pembe zake zote. Katika gigahezi 24, ambako urefu wa wimbi ni milimita 12 na ushei, tofauti ya umbali wa sehemu mbili ikibadilika kwa milimita 3 tu, miangwi iliyokuwa ikisaidiana huweza kubatilishana.

Hesabu ya Swerling
Mwaka 1954, Peter Swerling wa taasisi ya RAND, Marekani, aliainisha hali nne: mbili za shabaha yenye sehemu nyingi zilizokaribiana nguvu, na mbili za ile ambayo sehemu yake moja imezitawala nyingine, kila jozi ikiwa na mabadiliko ya polepole na ya haraka, mpigo hadi mpigo.

Pasipo mipigo je?
Hapo kipimo ni muda: mwangwi usiobadilika wakati wimbi likikusanywa huhesabiwa wa polepole, na ubadilikao mara nyingi ndani yake huhesabiwa wa haraka.

Umuhimu wake
Mhandisi akidhani kuwa mwangwi ni thabiti, aghalabu ataisifia rada umbali isioumudu kwa yakini.