Kondo la Nyuma Humlisha Ndama, Lakini Halimpi Kinga

Wakulima wengi wa Sotik, Konoin, Bureti na Belgut hufuga ng'ombe wa gredi mmoja au wawili kando ya chai yao. Akizaliwa ndama jike, hiyo ni mali. Basi ni hasara kubwa ndama huyo akiharisha na kufa kabla ya mwezi kwisha. Mara nyingi chanzo ni jambo lililosahauliwa siku ya kwanza.

Ng'ombe huchukua mimba muda wa siku 280 hivi. Wakati huo wote ndama hali kwa mdomo wala havuti pumzi kwa pua. Kazi hiyo hufanywa na kondo la nyuma. Kondo hushikana na mfuko wa uzazi kwa vifungo vingi, kwa kawaida 70 hadi 120. Hapo damu ya mama na damu ya ndama hukaribiana bila kuchanganyika. Chakula, maji na hewa safi humfikia ndama kwa njia ya kitovu, na taka za mwili wake hurudi kwa mama. Ndama hukua zaidi katika miezi mitatu ya mwisho. Kwa hiyo acha kumkamua mama siku 60 kabla ya kuzaa, na umlishe vizuri.

Lakini liko jambo moja ambalo kondo la ng'ombe haliwezi. Kondo la mwanamke hupitisha kinga ya maradhi, na mtoto huzaliwa nayo. La ng'ombe lina tabaka nyingi, halipitishi. Kinga ya ndama imo katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza. Tumbo lake huipokea vizuri katika saa 6 za kwanza. Baada ya siku moja haipiti tena. Kwa hiyo usimwage dang'a. Mpe ndama lita 3 mapema.

Baada ya kuzaa fanya hivi:

1. Ngoja kondo litoke lenyewe. Kwa kawaida hutoka kabla ya saa 12 kupita.

2. Likikawia saa 24, usilivute wala usilifungie jiwe. Mwite daktari wa mifugo.

3. Usilishike kwa mikono mitupu, hasa ng'ombe akitupa mimba. Vijidudu vya brusela hukaa humo na huambukiza watu.

4. Lizike katika shimo refu, mbwa wasilifukue.

Ng'ombe amelea mimba miezi tisa. Saa 6 za kwanza ni zamu yako, mkulima.